Mwaka wa Kumpelekea Koplo Chai

Simu ya kuniarifu kwamba Mama Syombua amefariki ilinikuta shambani, nimeinamia kabeji zangu hapa Kikima, na nitasema ukweli: kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Kilikuwa woga. Syombua, bintiye, alikuwa bado analia upande wa pili, nami nilikuwa tayari najiuliza nitaingia kule kwa barabara gani, nitashukia wapi, na ni nani atakuwa amekaa kwenye veranda za maduka akinitazama. Huzuni ilifika jioni, nilipokuwa nachemsha chai na mkono wangu ukatia tangawizi kabla sijafikiria, mwishoni, moto ukiwa umeshapunguzwa, vile Mama Syombua alivyonifundisha. Hapo nilikaa kwenye kigoda nikalia mpaka chai ikapoa. Watu wa Kikima wananijua kama mama wa kabeji na avokado, mtu wa maneno mengi, mwanakwaya ambaye hajui hata anaimba sauti gani. Hawajui kwamba nililetwa hapa kufichwa, na kwamba nilipoambiwa sasa ninaweza kurudi, nilisema asante, nikabaki na baridi yao na ukungu wao. Nakaribia miaka arobaini na bado siwezi kukaa mahali popote nikiupa mlango mgongo.

Soko ambalo mambo haya yalitokea sitalitaja jina. Liko kusini mwa Kitui, ukishapita Mutomo, kwenye nchi kavu ya mbuzi na vumbi jekundu, na wanaolijua wameshalijua. Mama Syombua alikuwa na hoteli pale, ingawa hoteli ni neno la heshima tu: chumba kimoja cha meza chache, kuta za rangi ya samawati hadi kiunoni na nyeupe iliyoingia moshi kutoka hapo kwenda juu, kalenda ya duka la mbegu, na nyuma jiko la kuni chini ya mabati. Mimi nilikuwa msichana wake wa kazi. Nililala kwenye stoo, kati ya magunia ya mahindi, na ukuta wangu ulikuwa ukuta wake, kwa hiyo kila asubuhi niliamshwa na maombi yake. Aliomba kwa sauti, kwa Kikamba, akitaja watu majina na shida zao, kana kwamba Mungu ni mteja mgeni anayehitaji kusomewa vyakula vyote vilivyopo. Nilijua mambo ya soko zima kupitia ukuta ule. Nilicheka sana wakati huo. Sikujua ni hatari gani kulala karibu na mtu anayeomba hivyo.

Nyuma ya jiko letu ndiko kulikuwa na kituo kidogo cha polisi. Ua ulikuwa wa mabati, na bati moja lilikuwa limeng'olewa pembeni likaacha tundu la kutosha kupitisha birika. Huo ulikuwa utaratibu wa miaka mingi: ikifika saa ya chai, nilipeleka birika tunduni, nikagonga bati, na mkono ukatokea kulipokea. Mara nyingi ulikuwa mkono wa Koplo. Hakuwa mtu wa kuonekana mbaya, na hilo ndilo lililonisumbua baadaye kuliko yote. Alikuwa mrefu, msafi, anasema tafadhali. Aliniita mrembo wa chai. Mkewe, Mama Ivy, alikuwa mwanakwaya kanisani kwetu, mwanamke mkimya wa kusimama safu ya nyuma. Koplo akila hotelini alikaa akitazama mlango, alimaliza chakula chote, alisifu tangawizi. Siku ya soko tu ndiyo alibadilika. Siku hiyo alisimama kwenye njia ya mbuzi, akiwauliza wafanyabiashara vibali vya kusafirisha mifugo, na wote walijua jibu analolitaka halikuwa kibali.

Musyoki alikuwa mmoja wa watu wa mbuzi. Kijana mcheshi, ameokoka, shemasi mdogo kanisani. Kila siku ya soko alikuja mapema kula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, na kila mara alilalamika kwamba maharagwe nimeyahesabu kama mwalimu anayesahihisha. Siku hiyo alilalamika pia, nikamwongezea upawa mmoja, akaniombea mume. Alikuwa na kibali chake, alinionyesha, amekikunja ndani ya Biblia ndogo ya mfukoni. Saa ya chai ilipofika nilibeba birika kwenda tunduni. Kabla sijagonga nikaona. Musyoki alikuwa chini, amelala ubavu, mikono imekumbatia tumbo, akisema, "Afande, nimesema pole. Nimesema pole." Koplo alimpiga teke mahali mikono haikufika, halafu tena pale pale, bila haraka, bila hasira ninayoweza kuikumbuka. Sikupiga kelele. Sikuiachia birika. Miguu yangu ilikataa kurudi nyuma na kitu pekee mwili wangu ulichojua kufanya mahali pale ni kile ulichofanya kila siku, kwa hiyo niligonga bati. Koplo alikuja. Aliinama, akatazama tunduni hadi macho yetu yakakutana, akaipokea birika kwa mkono wake. "Asante, mrembo," akasema. "Leo hata harufu peke yake inatosha. Umeweka tangawizi vizuri."

Musyoki alikufa usiku huo ndani ya seli. Mwili ulipelekwa Mutomo, na kituoni ikasemwa kwamba alikuwa mlevi, alianguka, akajiumiza mwenyewe. Neno hilo mlevi lilisafiri upesi kuliko habari za kifo. Wazee wa kanisa walikaa kikao, wakasema watamzika lakini si kama shemasi, bila kwaya, maana kanisa lazima lilinde jina lake. Mama yake alikwenda kituoni kushtaki. Najua yaliyosemwa kwa sababu askari waliyarudia hotelini wakila maharagwe ya madondo, mmoja akiigiza sauti ya mama mzee. Walimuuliza anataka kumshtaki nani. Akasema polisi. Wakamuuliza anataka kumshtaki kwa nani. Akatazama huku na huku, akasema, kwa polisi. Walicheka hadi mmoja akapaliwa. Nilimletea maji yule aliyepaliwa. Nilikuwa na hofu kiasi kwamba nilimletea na kitambaa.

Wiki iliyofuata yule mama alikuja akakaa mahali mwanawe alipokuwa akikaa. Aliagiza muthokoi, hakuugusa. Nilipokuja kutoa sahani alinishika mkono, si kwa nguvu, akasema kwa Kikamba kwamba hataki mtu afungwe, kufungwa kwa mtu hakutamrudishia chochote. "Nataka tu mtu aseme kijana wangu hakuwa amelewa," akasema. "Mtu mmoja tu, mwiitu wakwa, binti yangu, pahali ambapo itaandikwa." Hakujua mimi nimeona kitu. Alikuwa akimwambia kila mtu, hata muuza ndizi. Lakini mimi nilirudi jikoni na sahani ile iliyojaa. Nilikuwa nimempakulia Musyoki chakula kwa mkono wangu, nimesimama karibu naye, nimesikia pumzi yake. Kulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Miezi ikapita, nami nikiendelea kupeleka birika tunduni, ndipo wakaja wale watu wawili. Siku hizo hatukujua kwamba kuna mamlaka ya raia, si polisi, ambayo kazi yake ni kuchunguza malalamiko juu ya polisi. Mpwa wa yule mama alisikia redioni akawapigia simu. Mwanamke na mwanamume, waliingia kama wateja wowote, wakaagiza chapati. Nilitazama viatu vyao kwanza, kwa sababu polisi aliyevaa kiraia unamjua kwa viatu. Mwanamume alikuwa na raba zilizochakaa, mwanamke ndala za kufunga. Mwanamke, aliyevaa miwani, aliniuliza choo kiko wapi, nikampeleka, na huko nyuma ya choo, nzi wakituzunguka, akaniambia ametoka wapi. Nilimwambia sijui kitu. Akasema sawa. Akasema wao si polisi na hawaripoti kwa polisi. Nikamwambia hapa kila mtu anaripoti kwa polisi, hata mbuzi. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu, kama Musyoki alikula hapa siku ile. Nikasema alikula, nikasema aliongezwa maharagwe, na kabla sijajua ninalia na nimesema yote. Tukakubaliana nitoke kwenda Kibwezi Jumatano, mbali na macho, nikaandikishe maneno yangu. Aliniambia nisimwambie mtu yeyote. Hata nani? Nilimuuliza. Hata mtu unayempenda, akasema.

Nilimwambia mtu mmoja. Ningefanyaje? Mtu hawezi kutoka kwa Mama Syombua siku nzima bila kuomba ruhusa, na mimi sijui kudanganya. Uso wangu haufichi kitu. Tulikuwa tunachambua mchele. Aliacha kuchambua, akasema niende, na kwamba hatamwambia binadamu. Naye alitimiza neno lake, kwa namna yake. Jumapili, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ombi la kuombewa, kama anavyouliza kila Jumapili, Mama Syombua alisimama. Nilidhani ni kwa ajili ya goti lake bovu. Alipokea kipaza sauti, akafumba macho, akaanza kuomba yeye mwenyewe badala ya kungoja kuombewa, na nilipoisikia sauti ile ya asubuhi, ile ya ukutani, nikajua. Alimshukuru Mungu kwa mvua kidogo. Alimkumbusha juu ya Musyoki, mtoto wa kanisa hili. Kisha akasema, "Na huyu msichana wetu Mwende, Baba, anayekwenda Kibwezi Jumatano kusema yale aliona, umfunike. Umfunike kwa barabara, umfunike akirudi." Na kanisa zima, wazee, kina mama, kwaya yote ikiwa imesimama mbele, Mama Ivy katika safu ya nyuma akiwa na kitambaa cheupe kichwani, likasema amina.

Nilimngoja nje kando ya tangi la maji. Nilimuuliza amefanya nini. Alishangaa kabisa, na mshangao wake ulinitisha zaidi, maana ningependelea awe amenisaliti.

"Sijaambia mtu," akasema. "Nimemwambia Mungu."

"Umemwambia na kipaza sauti, Mama."

Ndipo akaelewa. Kwetu ombi la maombi halihesabiwi kuwa ni kusema. Ni kitu unachofanya na mzigo usioweza kuubeba, na hakuwahi kufikiri hata mara moja kwamba maneno yanayokwenda juu yanapita kwanza masikioni mwa watu. Aliketi kwenye jiwe, akavua leso, akaifunga tena. Tulirudi nyumbani, na chakula cha mchana siku hiyo, wali na kuku alivyokuwa ameviandaa kwa furaha tangu alfajiri, kilikaa mezani mpaka mafuta yakaganda.

Jumatatu nilipeleka birika. Nilipofika tunduni, tundu halikuwepo. Bati jipya, linang'aa, limepigiliwa misumari juu na chini. Nilisimama pale na birika mkononi, na nakwambia sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoliogopa lile bati. Miezi yote ile nilikuwa nimeliogopa tundu, mkono ule, macho yale. Sasa sikujua kilichoko upande wa pili kinafanya nini. Mchana Koplo alikuja kula kama kawaida. Mama Syombua alitaka kumhudumia yeye, lakini Koplo akasema apewe na mrembo wa chai. Nilimwekea sahani. Alikula yote, polepole. Alipomaliza aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mvua, kama Kibwezi nina jamaa. Nikasema sina. "Basi huko ni mbali sana kwa mtu asiye na jamaa," akasema, akanawa mikono, akaniombea siku njema.

Jumanne, hoteli ikiwa tupu, aliingia Mama Ivy. Hakuwahi kuja peke yake. Aliomba chapati za kubeba, na nilipokuwa nazifunga kwenye gazeti alisema, bila kunitazama, macho kwenye kalenda ya mbegu, "Kesho usipande gari ya Kibwezi." Ni hayo tu. Alichukua chapati akaenda. Mama Syombua aliyasikia kutoka jikoni. Tulikaa tukayageuza maneno yale kila upande. Kwangu yalikuwa vitisho, ujumbe wa mume kwa mdomo wa mke. Nilisema siendi tena. Nilisema kweli, na nilimaanisha. Nilianza hata kupanga nguo zangu ili nirudi kwetu na kusahau kwamba nimewahi kuona mtu akipigwa. Mama Syombua hakubishana nami. Aliendelea kusonga unga, akasema tu kwamba Mama Ivy hakusema usiende. Amesema usipande gari.

Kwa hiyo Jumatano nilikwenda Kibwezi na mbuzi. Mama Syombua alizungumza na watu wa mbuzi, wenzake Musyoki, ana kwa ana safari hii na kwa kunong'ona, na lori lao lilipotoka kukipambazuka mimi nilikuwa ndani, nimeketi chini kati ya wanyama, gunia kichwani, nikinuka kama wao. Kabla ya Ikutha lori lilisimama. Nilisikia sauti za askari, nikasikia dereva akichekacheka, mbuzi mmoja akanikanyaga mkono na sikuthubutu kuutoa. Nilijikojolea. Naandika hilo kwa sababu wale wachache walionisikia nikisimulia huniita shujaa, na shujaa hawezi kuwa mtu ambaye nguo yake mbuzi waliinusa kwa mshangao. Lori likaruhusiwa. Baadaye nilisikia kwamba gari la abiria lililotufuata lilisimamishwa pale pale, abiria wote wakateremshwa, wanawake wakatazamwa usoni mmoja mmoja.

Yule mama wa miwani alinipokea Kibwezi kwenye chumba chenye feni iliyovunjika. Alinipa kwanza maji ya kuoga na gauni lake mwenyewe, halafu soda, halafu akaniandikisha hadi jioni. Kila kitu alikitaka: bati lilikuwa upande gani, mikono ilikuwa wapi, Musyoki alinuka nini. Nikasema maharagwe na sabuni. Aliandika hivyo hivyo. Sikurudi sokoni. Walinitafutia chumba Kikima, kwa mjane mmoja aliyedhani nimekuja kujifunza kilimo, na mwaka ule uliobaki niliumaliza nikishtuka kila pikipiki iliposimama nje. Kesi ilichukua miaka, na siku ya kutoa ushahidi nilikiegemea kizimba hadi karani akaniletea kiti. Koplo alifungwa. Lakini ninachokumbuka ni mama yake Musyoki: jaji aliposoma kwamba marehemu hakuwa amekunywa pombe, aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakungoja kusikia kifungo. Watu walidhani amezidiwa na uchungu. Alikuwa anakwenda kuwaambia wazee wa kanisa.

Mama Syombua nilimwona mara chache baada ya hapo, yeye ndiye alikuja Kikima, na mambo ya kipaza sauti tuliyafanyia mzaha, kwa sababu tusingeweza kuyafanyia kitu kingine. Sasa nimemzika. Sehemu yote ya ibada nilikaa nyuma kabisa ya hema, karibu na kamba, nikitazama kila mwanamume mrefu. Baadaye nilikimbilia jikoni, kwa kina mama, mahali pekee ninapojua la kufanya na mikono yangu, nikaanza kusugua sufuria kwa mchanga na jivu. Mwanamke mmoja alikuja akashika upande wa pili wa sufuria. Alikuwa amenenepa, nywele zina mvi. Nilimjua kwa vile alivyonyamaza.

Tulisugua. Aliniuliza kama Kikima ni baridi. Nikasema ni baridi. Aliniambia Ivy amemaliza shule, wako wawili tu, nyumbani kwa wazazi wake. Mwishowe nikamuuliza nilichokuwa nimebeba miaka hii yote, kama siku ile ya chapati alikuja kwa niaba ya mumewe au kwa niaba yake.

"Alinituma," akasema. "Alisema nikuambie usiende. Hiyo ya gari niliweka mwenyewe nikiwa kwa mlango."

Nilimuuliza kwa nini, wakati alikuwa na mtoto mdogo na analala nyumba moja na mtu yule.

"Si nilikuwa nimeshasema amina?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ulikuwa pale. Ulinisikia."

Upepo uliinua jivu, tukafumba macho wote wawili. Nilikuwa nimejiona peke yangu na woga wangu katika soko lile, miaka yote hiyo, na kumbe kulikuwa na mwanamke aliyetembea kutoka hotelini hadi nyumba za askari na chapati mkononi, akifikiria atakachosema akifika. Nikamuuliza alimwambia nini.

"Nilimwambia umeogopa sana," akasema. "Nikamwambia mikono yako ilikuwa inatetemeka mpaka gazeti likararuka, kwamba huendi mahali. Na kuogopa, hiyo haikuwa uongo." Akamwaga maji machafu, akaisogeza sufuria ya pili katikati yetu. "Lakini mikono ilikuwa yangu."